Kiungo cha gundi kinabeba uzito usiku kucha, kisha kinabanduka kwa pigo moja: kwa nini?

Fundi Faiba, Shela, Lamu

Assalaam alaikum, na shikamooni nyote mliotangulia kuzaliwa.

Kazi yangu ni kuunda na kukarabati boti za faiba, zile za kasi zinazobeba abiria baina ya Mokowe, mji wa Lamu na Manda. Hivi karibuni nimerudishiwa boti ya mita 7 ambayo mataruma yake, yaani mbavu za ndani, niliyagandisha mwenyewe kwa epoksi ya kopo mbili, badala ya kuyafunika kwa mikeka ya faiba kama tulivyozoea. Nilikuta mataruma mawili ya upande wa omo, yaani mbele, yamebanduka kwenye ncha, huku sehemu ya kati ikiwa bado imeshika. Nahodha aliapa kwamba hakugonga mwamba wala gogo. Alikuwa akikimbia tu katika maji ya kusi, boti ikiruka wimbi na kuanguka kwa kishindo, mara baada ya mara.

Kinachonitatiza ni kwamba gundi hiyo niliijaribu kabla ya kuitumia. Nilikata kanda mbili za faiba zenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 4, nikazilaza moja juu ya nyingine kwa milimita 25, nikazigandisha na kuziacha wiki nzima. Kisha nilining'iniza kiungo hicho kwenye boriti, nikakifungia pipa la lita 200 lililojaa maji pamoja na mifuko mitatu ya saruji. Nililala, na alfajiri nikakuta kila kitu pale pale. Baada ya boti kurudi nilikichukua kiungo kile kile, nikakibana upande mmoja kwenye jiliwa, nikaupiga upande uliochomoza kwa nyundo ya kilo 2, pigo moja tu. Kiliachia kwa sauti kavu kama kijiti cha mkoko uliokauka. Nilipokigeuza juani niliona kati kunang'aa kama kioo, na kwenye kingo mbili kuna nyuzi nyeupe zilizosimama kama manyoya ya kifaranga.

Je, gundi hudhoofika inapopigwa kwa kasi? Na kama ndivyo, nitaijaribu vipi nisije nikawaingiza watu baharini kwa kudanganywa na pipa la maji?

Maalim wa Ngomeni, Malindi

Wa alaikum salaam, Fundi. Nilifundisha sayansi ya maada kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakupongeza kwa kuugeuza uso uliovunjika na kuuangalia juani, kwa sababu wengi huutupa. Swali lako lina majibu mawili yaliyoshikana, na itabidi tuyatenganishe kwanza.

Jaribio lako la pili lilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Pipa lilikuwa likivuta kanda zako kwa urefu, kila moja ikitaka kuteleza juu ya mwenzake, na gundi hupenda mzigo wa namna hiyo. Kilo 350 zilizogawanywa katika eneo la milimita mraba 625 ni mkazo wa takriban megapaskali 5.5 (megapaskali moja ni nguvu ya nyutoni moja kwa kila milimita mraba), ilhali epoksi nzuri za kuungia miundo huhimili megapaskali 15 hadi 30 zikivutwa polepole kwa namna hiyo. Kwa hiyo pipa lako lilikuwa mtihani mwepesi. Nyundo, kwa upande wake, haikuvuta kwa urefu. Ilipinda ukanda na kuinua ukingo wake, yaani ilibandua. Gundi yoyote ngumu huchukia kubanduliwa, hata polepole, kwa sababu mzigo wote huangukia mstari mwembamba wa ukingoni badala ya eneo zima. Ndiyo sababu mtu hawezi kuivuta stempu ikatoka kwa kuisukuma sambamba na bahasha, lakini huitoa kwa kuinua pembe yake kwa ukucha.

Hata pipa lenyewe halikusambaza mzigo sawasawa. Mtafiti Volkersen alionyesha mwaka 1938 kwamba katika kiungo cha kulalishana mkazo hukusanyika kwenye ncha mbili na kupungua katikati, na watafiti wenzake Goland na Reissner wakaongeza mwaka 1944 kwamba, kwa kuwa kanda mbili haziko kwenye mstari mmoja, kiungo hujipinda kidogo na ncha zile zile hupata pia nguvu ya kubandua. Mataruma yako kuanza kuachia nchani, na kati kubaki, ni jambo lile lile katika umbo kubwa.

Sasa nakuja kwenye kasi. Epoksi imeundwa na minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana, na minyororo hiyo inahitaji muda ili isogee na kujipanga upya. Ukiivuta polepole hupata muda huo: inaanza kunyumbuka pale nchani ambapo mkazo ni mkubwa, na kwa kunyumbuka inaupeleka mzigo kwa gundi ya ndani ambayo ilikuwa imekaa bure. Ukiipiga, muda huo haupo, na gundi hujibu kana kwamba imetiwa ndani ya jokofu. Inakuwa ngumu zaidi, na mkazo unaohitajika ili ianze kusalimu amri huongezeka, lakini uwezo wake wa kurefuka kabla ya kukatika hupungua. Kwa hiyo jibu la swali lako, kama lilivyoulizwa, ni kwamba gundi haidhoofiki. Ukipima nguvu peke yake katika kiungo cha kuvuta kwa urefu, mara nyingi utapata namba kubwa zaidi katika pigo kuliko katika mvuto wa polepole. Kinachopungua, hasa kwa gundi ngumu isiyotiwa kitu cha kuilainisha, ni nishati inayoweza kumezwa kabla ufa haujakimbia. Mtu akikuambia gundi yake ina megapaskali 30, amekuambia nusu ya habari.

Tofauti za kasi hapa si ndogo. Katika mashine za kawaida za kuvuta vipande, gundi hurefuka kwa sehemu ndogo mno ya urefu wake kila sekunde, pengine moja katika elfu kumi au chini ya hapo. Katika pigo, kasi hiyo huweza kufika mara mia au elfu ya urefu wake kwa sekunde. Ili kupima eneo hilo, watafiti hutumia fimbo ndefu mbili za chuma zenye kipande kidogo kilichobanwa kati yake; fimbo moja hugongwa, na wimbi linalopita husomwa kwa vihisi vilivyobandikwa juu yake. Wazo la fimbo lilitoka kwa Bertram Hopkinson mwaka 1914, na Kolsky akaligawa katika fimbo mbili mwaka 1949.

Wengi wakisikia habari za mawimbi hukimbilia kusema kwamba kiungo chako kilivunjwa na wimbi la mshtuko. Mimi sikubali, na hesabu ni nyepesi. Wimbi husafiri katika faiba kwa kasi ya takriban mita 3,000 kwa sekunde, hivyo huvuka milimita 25 za kiungo chako kwa mikrosekunde 8 hivi. Nyundo hugusa kwa muda unaokaribia milisekunde moja. Katika muda huo wimbi limekwenda na kurudi mara nyingi mno, na kiungo kimekwisha kutulia kana kwamba kimebebeshwa mzigo wa kawaida, ila wa haraka. Mawimbi hutawala pale pigo linapokuwa fupi kuliko safari ya wimbi ndani ya kitu: risasi, mlipuko, au ile miali ya leza inayotumiwa kukagua viungo vya ndege. Hapo wimbi la mgandamizo hupenya hadi uso wa nyuma, likakuta hewa, likarudi likiwa wimbi la mvuto na kuivuta gundi kutoka ndani mahali ambapo hakuna nyundo iliyogusa. Boti yako haikuwa huko.

Naomba unijibu jambo moja: ule ung'aavu wa katikati, gundi ilibaki upande mmoja tu, au pande zote mbili?

Fundi Faiba, Shela, Lamu

Maalim, nashukuru sana. Imebaki upande mmoja tu. Upande wa pili ni faiba tupu, laini, na ukipitisha kidole unahisi kama unapapasa sahani ya kauri.

Mzee wa Matondoni

Basi hapo mwanangu hukuunganisha, uliegemeza. Maalim amesema kweli tupu juu ya kasi, lakini mimi naona amekuwa na adabu mno kwako. Gundi ikitoka safi upande mmoja, kosa ni la maandalizi, na kosa hilo hukaa kimya miezi mingi chini ya mzigo wa polepole mpaka siku ya pigo. Pipa haliwezi kulifichua kwa sababu katika kuvuta kwa urefu hata mikwaruzo midogo ya uso hushika.

Nimeanza na majahazi ya mbao nikaishia kwenye faiba, na nitakueleza ninachokifanya. Poliesta, ile rezini inayogandisha nyuzi za faiba, hasa ile iliyotiwa nta ili uso wake ukauke hewani, huacha utando wa nta usioonekana kwa jicho. Ukianza kupiga msasa kabla ya kuufuta kwa asetoni, unaishindilia nta ndani ya mikwaruzo. Epoksi nayo, hasa siku za mvua za mwaka ambapo hewa imejaa unyevu, hutoa jasho lenye utelezi juu yake. Hilo halitoki kwa asetoni bali kwa maji safi na sifongo, na lazima litoke kabla ya msasa. Baada ya msasa, mwagia maji. Yakitandaa kama shuka, uso uko tayari. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, rudi kazini. Kausha vizuri, kisha usiguse kwa mkono, kwa sababu mkono wa mtu wa pwani una chumvi na mafuta ya nazi hata akinawa mara tatu.

Vijana wetu pia wamezoea kuweka kile kitambaa cha nailoni juu ya faiba mbichi na kukibandua siku ya kugandisha, wakidhani uso ulioachwa na kitambaa uko tayari. Kwangu mimi hautoshi. Naupitishia msasa hata hivyo.

Na hapa niongeze neno moja la wazee. Mtepe wa kwetu, kile chombo cha kale cha baharini, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na kila wimbi lilipoupiga ulitoa mlio na kujinyonganyonga. Tulipokuwa wadogo tuliwacheka waliosifu chombo kinacholia. Nikisoma habari ya Maalim kuhusu kunyumbuka, siwacheki tena.

Mekanika wa Malindi

Samahani kwa kuingilia kati. Mimi nafanya kazi kwenye boti za uvuvi wa bahari kuu hapa Malindi, na kila nikisoma mjadala huu najiuliza: kwa nini tusipige boliti, yakaisha? Boliti haijui habari ya msasa wala jasho la epoksi.

Maalim wa Ngomeni, Malindi

Mekanika, swali lako ni la haki, na jibu langu ni kwamba boliti inaondoa tatizo moja na kuleta lingine. Nguvu ya faiba iko kwenye nyuzi, na tundu la boliti huzikata. Mkazo hukusanyika kwenye mdomo wa tundu, na tofauti na chuma, faiba haina namna ya kulainika na kuugawa. Juu ya hayo, kila tundu chini ya usawa wa maji ni mlango wa maji kuingia. Pale ambapo napenda boliti ni kwenye ncha tu, moja au mbili, pamoja na gundi: boliti haibebi mzigo wa kila siku, lakini ufa ukianza kukimbia kwa kasi hukuta kizuizi na kusimama. Katika ndege kuna fikra inayofanana: njia mojawapo ya kukubaliwa kiungo cha gundi ni muundaji kuonyesha kwamba gundi ikiachia, ufa utakomea mahali ambapo ndege bado inaweza kubeba mzigo wake.

Wala usidhani gundi peke yake haiwezi pigo. Gari la BMW i3, lililoingia sokoni mwaka 2013, lina chumba cha abiria cha nyuzi za kaboni ambacho vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi, na modeli hiyo iligongeshwa ukutani kabla ya kuuzwa. Mojawapo ya majaribio hayo nchini Marekani hufanywa kwa kilomita 56 kwa saa, ambazo kwa hesabu ya baharini ni kama noti 30. Nadhani manahodha wa Mokowe wanaijua kasi hiyo vizuri.

Siri iko katika aina ya gundi. Kuna epoksi iliyochanganywa na chembe ndogo za mpira. Ufa unapofika, chembe hizo hupasuka ndani kwa ndani na kuiruhusu gundi inayozizunguka inyumbuke. Kuna gundi za poliyurethani na za methakrilati, ambazo ni laini zaidi, hujazwa kwa unene wa milimita kadhaa, na humeza nishati nyingi kabla ya kukatika. Lakini hata hizi hukakamaa kadiri kasi inavyoongezeka, kila moja kwa kiwango chake, na joto huvuruga upande wa pili: epoksi iliyokaushwa kivulini bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 au 60, ambazo boti nyeusi iliyoanikwa ufukweni adhuhuri huzifikia. Kwa hiyo kiungo kimoja kinaweza kuwa kigumu mno kwenye pigo la asubuhi na kilegevu mno kwenye mzigo wa mchana. Chagua gundi kwa ncha zote mbili za siku.

Unachoweza kubadili bila senti ya ziada ni umbo. Usiukate mwisho wa taruma wima kama tofali. Uchonge uteremke taratibu mpaka uwe mwembamba kama ulimi, ili unyumbuke pamoja na ubavu wa boti badala ya kuupinga ghafla. Na gundi inayofurika pembeni usiikwangue; ilainishe kwa kidole chenye glavu iwe mteremko, kwa sababu mteremko huo hupunguza mkazo pale pale nchani tulipopazungumza.

Kuhusu kujaribu: boti inayoanguka kutoka urefu wa mita 1 juu ya wimbi hugonga maji kwa mita 4.4 kwa sekunde. Boriti yako iliyobeba pipa inaweza kukupa kasi hiyo hiyo. Pitisha uzito wa kilo 10 ndani ya bomba refu la plastiki, uangushe kutoka mita 1 ukigonge kiungo. Hiyo ni nishati ya jouli 98. Ukipandisha hadi mita 2 nishati inakuwa maradufu, ingawa kasi huongezeka hadi mita 6.3 tu. Piga kwa namna boti inavyopiga, yaani kwa kupinda na kubandua, na usisahau kubandua kiungo pacha polepole kwa kabari ili ujue ni kiasi gani cha lawama kinaiangukia kasi na kiasi gani kinaliangukia umbo.

Fundi Faiba, Shela, Lamu

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Niliunda viungo vya aina tatu, kila aina vinne: vya kwanza kama nilivyofanya zamani, vya pili kwa maandalizi ya Mzee, nta kwanza, kisha maji, kisha msasa, kisha maji tena, vya tatu kwa maandalizi hayo hayo pamoja na ncha iliyochongwa kama ulimi na gundi iliyolainishwa pembeni. Nusu nilizibandua polepole kwa kabari, nusu nikaziangushia uzito kutoka mita 1.

Vya zamani viliachia vyote, polepole na haraka, na vyote viling'aa. Hapo Mzee ameshinda. Vya pili vilinifunza zaidi: kwa kabari vilikataa kutoka, gundi ikageuka nyeupe mbele ya ncha ya kabari na kujivuta kidogo kidogo, nikatoka jasho, lakini chini ya uzito uliodondoka viliachia kwa mara moja, uso wake ukiwa bapa na hauna ile rangi nyeupe ya kujivuta. Gundi ni ile ile, kopo ni lile lile, mkono ni ule ule. Sasa naelewa maneno ya Maalim kuhusu muda.

Vya tatu havikubanduka kwa pigo la kwanza. Kwa pigo la tatu kimoja kiliachia, lakini nilipokigeuza nilikuta gundi nzima imebaki mahali pake, na kilichong'oka ni mkeka wa kwanza wa faiba yenyewe, umetoka na nyuzi zake zote.

Maalim wa Ngomeni, Malindi

Hapo umefika mahali ambapo gundi si mnyonge tena. Nyuzi za kioo zenyewe huwa imara zaidi zinapovutwa kwa kasi, lakini kati ya mkeka na mkeka hakuna nyuzi. Kuna rezini tu, na hapo ndipo faiba huachia ikibanduliwa. Huwezi kulitibu hilo kwa gundi bora zaidi. Punguza kubandua: refusha ulimi, na mkeka wa juu kabisa unaopokea taruma uwe wa nyuzi nyembamba zilizofumwa, si ule wa nyuzi zilizokatwakatwa, na uuweke wakati ubavu bado mbichi ili ugande nao.

Mzee wa Matondoni

Na ile boti iliyorudi, usiyarudishie mataruma mawili peke yake. Gonga yote kwa sarafu, kutoka omo hadi tezi kule nyuma, usikilize. Palipoachia hutoa sauti ya debe tupu.

Fundi Faiba, Shela, Lamu

Nimegonga leo baada ya Alasiri. Mataruma ni tisa. Manne yanatoa sauti ya debe, na moja kati ya hayo liko tezi, karibu na injini, mahali ambapo sikupashuku hata kidogo. Kesho naanza kuyang'oa.